Santuri Kuukuu za Mono: Kikundi Kichague Mashine Gani?

Katika toleo hili tunajibu swali ambalo vikundi kadhaa vimetuuliza: "Tuna santuri za zamani za wazee wetu. Tungependa kuzisikiliza tena na kuwawekea watoto. Je, tununue mashine gani?"

Pengine mtu atasema, jamani, hili nalo ni jambo la maendeleo? Tuna shida ya maji, tuna shida ya karo, sasa tuanze kuzungumza habari ya kinanda? Sisi tunasema ndiyo, tuzungumze, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha za kikundi zitatumika, na fedha za kikundi ni jasho la watu. Ya pili ni kwamba santuri zenyewe haziwezi kupandwa tena kama mahindi. Mashine isiyofaa huikwangua santuri kila inapopigwa, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kama hiyo ndiyo nakala ya mwisho ya wimbo ule, basi wimbo umekwisha.

Santuri zetu zilitoka wapi

Santuri si kitu kigeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri mpaka Bombay, India, akarekodiwa na kampuni iliyokuwa na chapa ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha mwaka 1945, askari wa KAR walirudi nyumbani, na wengine walirudi na magita na gramafoni. Baadaye Nairobi ikawa na studio zake na mitambo yake ya kutengeneza santuri.

Upande wetu wa Ukambani tulipata fungu letu. Watu wazima wanamkumbuka Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, aliyeimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili na akafariki mwaka 1987. Wanamkumbuka Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. Nyimbo hizo nyingi zilitoka katika santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Ilibidi mtu asimame aigeuze ndipo ngoma iendelee! Ziko pia santuri za kwaya, na ziko za waimbaji ambao majina yao hayajulikani tena isipokuwa kwa jirani zao.

Kwanza jueni mnacho nini

Msitoe hata shilingi moja kabla ya kukusanya santuri zote mezani na kuzipanga mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni za 78. Hizi huzunguka mara 78 kwa dakika. Ni nzito, upana wake mara nyingi ni inchi 10, na kila upande huimba kama dakika 3 tu. Nyingi zilitengenezwa kwa sheleki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiangusha moja, inavunjika kama sahani ya udongo. Huku kwetu ziliendelea kutumika mpaka miaka ya 1960.

Fungu la pili ni za 45. Hizi ni ndogo, inchi 7, ni za plastiki, na nyingine zina tundu kubwa katikati. Aina hii ilianzishwa Marekani mwaka 1949. Nyumba nyingi za Ukambani zina hizi kuliko nyingine zote.

Fungu la tatu ni zile kubwa za inchi 12, ambazo huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Watu huziita LP. Zilianza Marekani mwaka 1948, na upande mmoja unaweza kuimba zaidi ya dakika 20.

Hesabuni kila fungu muandike katika daftari: jina la mwimbaji, jina la wimbo, namba iliyo kwenye karatasi ya katikati, na mwenye santuri ni nani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Santuri ya mwanachama ibaki kuwa yake. Kikundi kimeazimwa tu.

Mono ni nini?

Ukiitazama santuri kwa kioo cha kukuzia, utaona mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Mfereji huo haukunyooka. Umepindapinda. Sindano inapopita ndani yake inatikiswa, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti.

Katika santuri ya mono mfereji unapinda kwenda kushoto na kulia tu. Sauti ni moja. Katika santuri ya stereo, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1957 na 1958, kila ukuta wa mfereji una sauti yake, kwa hiyo sindano hutikisika kushoto na kulia na pia juu na chini. Kwa maneno mengine, santuri yoyote iliyotengenezwa kuuzwa kabla ya mwaka 1957 ni ya mono. Za Kenya za miaka ya 1960 nyingi ni za mono pia, na hata za miaka ya 1970 mtazikuta. Angalieni karatasi ya katikati. Kama ni stereo, kwa kawaida imeandikwa.

Sasa, hili lina faida gani kwenu? Faida ni kubwa. Katika santuri ya mono wimbo wote uko kushoto na kulia. Kule juu na chini hakuna wimbo, ila kuna vumbi, mikwaruzo na makelele ya mashine yenyewe. Sindano ya stereo inasoma yote, wimbo pamoja na takataka. Ukiiambia mashine iache habari za juu na chini, makelele mengi hupungua na sauti ya mwimbaji inatokea wazi. Hiyo ndiyo siri ya kupiga mono vizuri.

Kuna njia tatu za kufanya hivyo:

1. Amplifaya nyingine za zamani zina swichi iliyoandikwa MONO. Mkiibonyeza, kazi imekwisha.

2. Kama hakuna swichi, fundi anaweza kuunganisha waya wa kushoto na wa kulia kuwa mmoja. Waya wa namna hiyo, wenye matawi mawili upande mmoja na moja upande wa pili, huuzwa pia katika maduka ya redio. Ni wa bei ndogo kuliko vitu vyote tutakavyotaja hapa.

3. Njia ya tatu ni kununua kichwa cha sindano kilichotengenezwa kwa ajili ya mono. Ni kizuri, lakini ni ghali. Kwa kikundi kinachoanza, njia ya kwanza au ya pili inatosha kabisa.

Na kwa sababu sauti ni moja, spika moja nzuri inatosha. Msishawishiwe kununua spika mbili kubwa kama za matatu. Fedha ya spika ya pili iwekeni kwenye sindano.

Sindano ndiyo mashine

Tunataka kila mwanachama ashike neno hili: santuri haijui jina la mashine yenu wala rangi yake. Inachokijua ni ncha ya sindano tu.

Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha ya kama maikroni 76. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo hiyo ni karibu unene wa unywele wa kichwani. Mfereji wa 45 na wa LP ni mwembamba zaidi. Kwa mono za zamani ncha yake ni maikroni 25, na kwa stereo ni kama 18.

Mkipiga 78 kwa sindano nyembamba, ni kama kupitisha baiskeli ndani ya alama za magurudumu ya lori barabara ikiwa na matope. Itazama mpaka chini na kuyumbayumba, nayo itaokota mchanga wote uliolala huko. Sauti itakuwa ya kukwaruza, na mtasema santuri ni mbovu kumbe sindano ndiyo si yake. Mkifanya kinyume, yaani sindano nene kwenye 45, ni mbaya zaidi. Ni lori linalolazimishwa kupita njia ya miguu. Linabomoa kingo zote mbili.

Kwa hiyo kikundi chenye mafungu yote matatu kinahitaji sindano mbili. Nyembamba ni kwa ajili ya 45 na LP. Nene ni kwa ajili ya 78 peke yake. Sindano nyembamba ya stereo inaweza kupiga 45 za mono bila kuziharibu, mradi ni nzima na uzito wake ni sawa.

Ulizeni pia ncha ni ya kitu gani. Yakuti huchakaa baada ya makumi machache ya saa. Almasi hudumu saa 500 au zaidi. Ncha iliyochakaa huwa na makali kama patasi, na patasi kazi yake ni kuchonga. Mashine ikiuzwa pamoja na sindano ambayo umri wake haujulikani, ihesabuni kuwa imekufa, mnunue mpya.

Mashine zinazopatikana

Tuziangalie moja moja, na faida na hasara zake.

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Hii ni ile ya mpini na tarumbeta, isiyotumia stima. Ni nzuri kwa maonyesho. Lakini kichwa chake hukandamiza santuri kwa uzito unaoweza kupita gramu 100, na sindano yake ni ya chuma. Unga wa mawe ulio katika sheleki huinoa sindano hiyo mpaka ikae sawa na mfereji, ndiyo maana lazima ibadilishwe kila upande wa santuri. Msiweke santuri ya plastiki hapo hata siku moja. Wimbo mmoja tu unatosha kuiharibu.

Mashine ya zamani ya betri au ya stima. Wengi wanazikumbuka zile za Philips za kubeba, zilizotumia mawe ya redio na spika yake ikiwa kwenye kifuniko. Nyingine kubwa zilikuwa na mitambo ya Garrard au BSR ya Uingereza. Kichwa chake huwa ni cha kristali au seramiki, na mara nyingi kuna kijiti kidogo cha kugeuza: upande huu sindano ya LP na 45, upande ule sindano ya 78. Kwa santuri za mono ni mashine ya maana sana. Taabu yake ni umri. Mipira ya ndani hukauka na sindano hupatikana kwa shida. Pia vichwa vya mono vya zamani havilegei kwenda juu na chini, kwa hiyo huharibu santuri za stereo. Zipigieni mono tu.

Mashine mpya za sanduku. Siku hizi madukani kuna visanduku vyenye rangi nzuri, vyenye spika ndani na mizunguko yote mitatu, 33, 45 na 78. Ni vya bei nafuu. Lakini jihadharini. Kuandikwa 78 kwenye swichi hakumaanishi kwamba sindano ya 78 imo. Nyingi zina sindano moja nyembamba, uzito wake ni mkubwa na hauwezi kurekebishwa. Kwa kusikiliza santuri iliyo na nakala nyingi, si vibaya. Kwa santuri ambayo ni ya mwisho, hapana. Rahisi huvunja upishi.

Mashine ya mezani yenye mkono wa kurekebishwa. Hii ndiyo tunayopendekeza kwa kazi ya kuhifadhi. Uzito wa mkono unarekebishwa nyuma, na kichwa kinafunguliwa na kufungwa kingine. Mfano ni Audio-Technica AT-LP120XUSB, yenye mizunguko yote mitatu na waya wa kuingia kwenye kompyuta. Kampuni hiyohiyo hutengeneza kichwa cha VM95SP kwa ajili ya 78, ambacho hukandamiza kwa gramu 5 hivi. Angalieni msichanganye na ndugu yake mdogo, AT-LP60X, ambaye ana 33 na 45 tu. Si lazima iwe chapa hiyo. Lazima ni mambo matatu: mizunguko mnayohitaji, uzito unaorekebishwa, na sindano inayobadilishwa.

Bei ya mashine hii ni kubwa kwa kikundi kimoja, tunajua. Lakini hapa ndipo desturi yetu ya mwethya inapoleta faida. Vikundi vinne au vitano vinaweza kuwa na mashine moja. Kazi ya kila kikundi ni ya siku chache tu, kama tutakavyoeleza, kisha mashine inakwenda kwa jirani.

Mambo ya kupima kabla ya kulipa

Nairobi, Soko la Kenyatta limejulikana kwa miaka mingi kwa kibanda chake cha santuri kuukuu na mashine zake. Mkienda huko au kwingineko, waende watu wawili, na wachukue santuri moja ambayo hata ikiharibika hakuna atakayelia. Wapime hivi:

1. Mizunguko. Bandikeni kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, mhesabu kwa saa. Ya 45 izunguke mara 45 kwa dakika moja. Ya 33 na theluthi izunguke mara 100 kwa dakika 3. Ikipungua sana, mpira au mota ni mbaya.

2. Stima. Hapa Kenya stima ni volti 240, mizunguko 50. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 110 au 120 na mizunguko 60. Mkiichomeka hivihivi itaungua. Hata mkinunua transfoma, mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya stima, na transfoma haibadilishi hiyo. Badala ya 78 mtapata 65, na sauti ya mama itakuwa kama ya baba.

3. Mkono. Uguseni kwa kidole. Uende taratibu bila kukwama. Ukikwama, sindano itakula ukuta mmoja wa mfereji.

4. Uzito. Sindano nyingi za sumaku hutaka gramu 1 na nusu mpaka 3. Za seramiki hutaka zaidi, kama 4 mpaka 6. Fuateni karatasi ya sindano yenyewe. Hamna mizani ndogo? Chukueni rula fupi na penseli, mtengeneze mizani kama bembea. Wekeni vifuniko viwili vya soda vinavyofanana, kila mwisho kimoja, mpaka rula isimame sawa. Kwa sirinji ya hospitali tieni maji mililita 3 katika kifuniko kimoja. Maji mililita 1 ni gramu 1. Kisha, mashine ikiwa imezimwa, teremsheni sindano polepole kwenye kifuniko cha pili. Upande wa sindano ukizama, imezidi gramu 3. Ukipanda, haijafika.

5. Tundu la kuchomekea. Kichwa cha seramiki huingia moja kwa moja kwenye tundu la AUX la redio au amplifaya. Kichwa cha sumaku sauti yake ni ndogo mno, nacho hutaka tundu la PHONO au kisanduku cha kukikuza. Mkiona sauti ni hafifu na haina besi, mmechomeka sumaku kwenye AUX. Mkisikia sauti inapasukapasuka, pengine mmechomeka kitu chenye kikuza chake kwenye PHONO. Mashine haijaharibika, badilisheni tundu.

Kama kwenu kuna sola tu, muulizeni fundi kuhusu inveta. Zile za bei ya chini mara nyingi huingiza mvumo ndani ya sauti, na mota nyingine hazizipendi. Mashine inayotumia adapta ya volti ndogo ni rahisi zaidi kwa sola, lakini fundi aweke kifaa cha kutuliza volti, kwa maana betri inayochajiwa hupanda zaidi ya volti 12.

Jambo moja zaidi. Kabla ya mwaka 1954 kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kupima besi na sauti nyembamba wakati wa kurekodi. Mwaka huo kipimo kimoja, kinachoitwa RIAA, kilianza kukubaliwa na wote. Kwa hiyo 78 ya zamani ikisikika nzito mno au kali mno, msishangae. Zungusheni vifundo vya BASS na TREBLE mpaka sauti ya mtu iwe sauti ya mtu.

Kusafisha na kutunza

Hapa Makindu vumbi halihitaji kualikwa. Santuri yenye vumbi ikipigwa, sindano huusaga mchanga ndani ya mfereji, hivyo hata mashine nzuri itaharibu. Safisheni kwanza.

Santuri za plastiki osheni kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, mkifuata mzunguko wa mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Suuzeni, mkaushe kivulini. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi ikikauka hubaki ndani ya mfereji, kwa hiyo tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Hakikisheni ni maji, si asidi!

Santuri za sheleki pangusheni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na mzikaushe mara moja. Spiriti msitumie kabisa. Spiriti huyeyusha sheleki, na wimbo utatoka na kitambaa.

Zihifadhini zikiwa zimesimama kama vitabu, si kulazwa moja juu ya nyingine. Zikae mbali na mabati yenye joto, na msiziache ndani ya gari juani. Plastiki hupinda kwa joto, na iliyopinda hainyooki vizuri tena.

Pigeni mara chache, mhifadhi milele

Ushauri wetu wa mwisho ndio mkubwa. Msinunue mashine ili mpige santuri kila Jumapili mpaka ziishe. Nunueni ili mzinakili mara moja, vizuri. Waya utoke kwenye mashine uingie kwenye kompyuta. Programu ya Audacity haina malipo, na kijana yeyote aliyesoma kompyuta ataielewa kwa siku moja. Hifadhini kwa muundo wa WAV, na mtengeneze nakala tatu: moja ya kikundi, moja ya mwenye santuri, na moja ikae mahali pengine kabisa, nyumba isije ikaungua na zote zikapotea. Za kusikiliza kila siku nakilini kwenye flashi. Santuri yenyewe irudi katika mfuko wake ipumzike.

Programu hiyo ina msaada mwingine. Kama mashine yenu ina 45 lakini haina 78, mnaweza kuipiga 78 polepole kwa mwendo wa 45, kwa sindano nene, kisha kompyuta ikaiongeza mwendo mpaka 78. Hivyo msiikatae mashine nzuri kwa sababu ya swichi moja.

Tahadhari ndogo: kunakili kwa kuhifadhi si ruhusa ya kuuza. Nyimbo nyingi bado zina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mkitaka kuuza au kupiga muziki kwa biashara, ulizeni kwanza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Tuchukue mfano

Tuseme kikundi kimehesabu kikakuta santuri 40: za 45 ni 30, za LP ni 4, na za 78 ni 6. Wanachama wanataka kununua sanduku jipya kwa sababu ni rahisi. Tuangalie. Sanduku halina sindano ya 78, kwa hiyo zile 6 zilizo kuukuu kuliko zote ndizo zitakazoumia. Uzito wake haupimiki, kwa hiyo zile 34 nazo ziko hatarini. Njia bora ni kuungana na vikundi vingine, kupata mashine ya mezani, sindano mbili na ule waya wa kuunganisha mono. Upande wa 45 huchukua dakika 3 au 4. Santuri 30 zina pande 60, basi ni saa 4 za kupiga. Hata mkiongeza muda wa kusafisha na kuandika, wiki moja inatosha kumaliza santuri zote za kikundi. Kisha mashine inakwenda kwa wengine.

Na wakati wa kunakili, mwiteni mzee anayezijua nyimbo hizo akae karibu. Mwulizeni ni nani anayepiga gita, harusi gani wimbo huu ulichezwa, neno hili la Kikamba maana yake nini. Yaandikeni katika daftari lilelile. Mashine inaweza kungoja mwaka ujao. Mzee huenda asingoje.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu ni nyumba zipi zina santuri, na ziko katika hali gani?
2. Tuna mafungu gani: 78, 45, LP? Tunahitaji sindano moja au mbili?
3. Ni vikundi gani vya jirani tunavyoweza kuungana navyo kununua mashine moja?
4. Nani atatunza mashine, nani atatunza daftari, na nakala ya tatu itakaa wapi?
5. Ni wazee gani tunaopaswa kuwaalika kabla ya kununua kitu chochote?